Binti Anapotaka Kusomea Nyota

Mama mmoja wa usharika wetu alitufuata baada ya ibada, akatuvuta kando chini ya mwembe, akauliza kwa sauti ya chini kana kwamba anauliza habari ya ugonjwa: "Hivi jamani, mtu akisomea unajimu, si ndiyo kupiga ramli?"

Tulicheka kidogo, kisha tukaona kuwa yeye hacheki. Binti yake amemaliza kidato cha sita. Amesoma masomo ya sayansi na matokeo yake ni mazuri, na ndugu wote walikwisha kuanza kumwita daktari. Jumamosi ya wiki ile, mezani, mbele ya baba yake, binti akasema udaktari hautaki. Anataka kusomea nyota.

Si hilo tu. Alikuwa na barua mbili kutoka vyuo viwili vya ng'ambo. Kimoja kimemkubali kusomea astronomia, na kingine astrofizikia. Vyote viwili vimeahidi kumpunguzia ada, lakini hakuna kinacholipa gharama zote. Baba akauliza tofauti ya maneno hayo mawili ni nini. Binti akaeleza, baba hakuelewa, sauti zikapanda. Lililomnyima mama usingizi ni hili: mtoto akienda, itabidi kiuzwe kiwanja walichokilipia kidogo kidogo kwa miaka saba, kwa mshahara wa baba na fedha za vitumbua. "Nikiuza," alituambia, "niuze kwa jambo ninalolijua."

Hata sisi hatukuwa na jibu la kumpa pale pale. Tulimwomba wiki mbili, tukasoma, tukawauliza walimu wa fizikia, tukarudi kwake. Tunayaandika hapa tuliyomweleza kwa sababu hatuamini kwamba ni yeye peke yake mwenye mtoto wa namna hii.

Si ramli

Tuanze na hofu ile ya kwanza. Kiswahili chetu kimelitwisha neno unajimu mizigo miwili. Mnajimu ni yule anayekuambia kuwa safari yako ni ya heri au ya shari kwa kuangalia umezaliwa chini ya nyota gani. Mnajimu vilevile ni mtaalamu anayepima mwendo wa sayari kwa darubini. Zamani watu hao wawili mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Nabii Isaya, katika sura ya 47, aliwakemea watazama nyota wa Babeli kwa kudai kwamba wanajua yajayo. Hakuwakemea kwa kuhesabu siku za mwezi. Leo kazi hizo mbili zimeachana kabisa, na mwanafunzi wa chuo kikuu hafundishwi kutabiri ndoa ya mtu. Atafundishwa hesabu, tena nyingi kuliko anavyodhani. Ili tusichanganyikiwe, hapa tutaliacha neno unajimu na kutumia yale mawili yaliyomo katika barua za binti.

Majina mawili yalikotoka

Bibi zetu walikuwa na astronomia yao. Lile kundi dogo la nyota liitwalo Kilimia lilipata jina lake kutokana na kulima, kwa maana wakulima walilitazama ili kujua majira. Manahodha wa pwani nao walishika njia usiku kwa nyota. Ndivyo astronomia ilivyoanza kila mahali duniani: kujua kila nyota iko wapi, inakwendaje na itarudi lini. Kwa maelfu ya miaka haikuwezekana kuuliza zaidi ya hapo. Mwanafalsafa mmoja Mfaransa, Auguste Comte, aliandika mwaka 1835 kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimefanywa kwa vitu gani. Nani angekwenda kuleta kipande?

Haikupita miaka 25 akawa amekosea. Mwaka 1859 wataalamu wawili wa Ujerumani, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, walionyesha kwamba kila elementi ina alama zake katika mwanga, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Jambo hili, mama msomaji, unalo jikoni kwako. Dondosha punje chache za chumvi kwenye moto wa gesi, utaona ule moto wa buluu unageuka kuwa wa manjano. Manjano hayo yanatokana na sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Mtaalamu akikuta alama ile ile ya sodiamu katika mwanga wa nyota, amejua kuwa sodiamu iko kule, na wala hakuondoka mahali alipo. Hapo ndipo ilipozaliwa astrofizikia, yaani kuuliza nyota ni kitu gani, inawakaje, ina umri gani na itazimika vipi.

Aliyepata mojawapo ya majibu makubwa kabisa ya maswali hayo alikuwa mwanamke, na habari zake zinafaa kusomwa na kila mama mwenye binti. Cecilia Payne alizaliwa Uingereza mwaka 1900. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minne, mama akabaki na watoto watatu. Alifika Cambridge kwa msaada wa masomo. Huko alisikiliza mhadhara kuhusu kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919, na tangu usiku ule akaamua kuwa fizikia na nyota ndiyo njia yake. Cambridge ya siku zile ilimruhusu mwanamke kusoma lakini haikumpa shahada. Ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1948. Basi mwaka 1923 alivuka bahari kwenda Marekani.

Miaka miwili baadaye, katika tasnifu yake, alionyesha kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni hidrojeni na heliamu. Wakati ule wataalamu waliamini kuwa nyota zimefanywa kwa vitu vile vile, na kwa kadiri ile ile, kama dunia yetu. Mkubwa mmoja wa taaluma hiyo, Henry Norris Russell, alimwambia kuwa haiwezekani, na binti wa watu akalazimika kuandika kwamba huenda matokeo yake si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifika kwenye jibu lile lile kwa njia nyingine. Cecilia aliolewa, akalea watoto watatu, na mwaka 1956 akawa profesa kamili wa Harvard.

Sasa tazameni jambo hili, maana ndilo jibu la swali la baba. Shahada yake ya udaktari wa falsafa iliitwa ya astronomia. Kazi iliyomo ndani yake ni astrofizikia tupu. Ni karibu miaka 100 tangu majina hayo mawili yaanze kuingiliana, na leo yameingiliana zaidi. Anayepima mahali nyota ilipo anataka kujua kwa nini inakwenda vile, na anayetaka kujua kwa nini hawezi kwenda bila vipimo.

Soma masomo, usisome kibao

Katika chuo kikuu cha California kilichoko Berkeley, idara inaitwa ya Astronomia, lakini shahada ya kwanza inayotolewa humo inaitwa ya Astrofizikia. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamemaliza ubishi kwa kuyaweka majina yote mawili katika shahada moja, Astronomia na Astrofizikia. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya barua halitoshi kumwambia mzazi mtoto wake atafundishwa nini.

Je, hakuna tofauti kabisa? Ipo, ila haifanani katika kila chuo. Mara nyingi pale yanapotenganishwa, somo liitwalo astrofizikia huwa na fizikia nyingi zaidi na hesabu ngumu zaidi, na liitwalo astronomia huwa na saa nyingi zaidi za darubini, vipimo na picha za anga. Viko vyuo, hasa Marekani, vinavyotoa shahada ya astronomia yenye hesabu chache, iliyokusudiwa kwa wale watakaofundisha shuleni, kuandika magazetini au kufanya kazi katika makumbusho. Si shahada mbaya. Lakini mtoto akiichukua bila kujua, siku atakapotaka kuendelea na shahada ya uzamili atakuta mlango umefungwa, kwa kuwa hakusoma fizikia ya kutosha. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, na ndiyo inayoweza kula kiwanja cha watu.

Tulimwomba binti atuletee orodha ya masomo ya vyuo vyake vyote viwili, mwaka kwa mwaka. Alikuwa hajawahi kuitazama kwa makini. Alikuwa ametazama picha. (Tusimlaumu, hata sisi wakubwa tunanunua sufuria kwa kuangalia mfuniko.) Tukakaa naye mezani na mwalimu mmoja wa fizikia aliyekubali kutusaidia. Mwalimu hakujali majina. Alipitisha kalamu kwenye mwaka wa pili na wa tatu akitafuta mambo machache: hesabu zinaendelea hadi mwaka gani, mekanika ya kwanta imo au haimo, sumaku na umeme vimo kwa kina gani, na kama mwanafunzi anafundishwa kuandika programu za kompyuta. Hilo la mwisho lilitushangaza. Akatueleza kwamba mtaalamu wa nyota wa leo hakai usiku kucha ameweka jicho kwenye darubini. Anakaa mbele ya kompyuta mchana, anachambua vipimo vilivyoletwa na mtambo ulioko nchi nyingine.

Matokeo yalikuwa kinyume cha tulivyotazamia. Kile chuo cha astronomia kilikuwa na fizikia nzito, na kile cha astrofizikia kilikuwa chepesi, ingawa jina lake ndilo lililomvutia binti. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Njia ya tatu

Ndipo mwalimu akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza pale nyumbani: kwa nini asianze na fizikia yenyewe, hapa hapa nchini?

Binti aliona kama anashushwa. Tunaelewa. Lakini historia inamtetea mwalimu. Jocelyn Bell, aliyezigundua pulsa mwaka 1967 akiwa bado mwanafunzi, zile nyota zinazotuma mawimbi ya redio kwa kupigapiga kama mapigo ya moyo, alichukua shahada yake ya kwanza Glasgow, na ilikuwa ya fizikia. Nyota alizianza Cambridge baada ya hapo, kwa darubini ya redio aliyoshiriki kuijenga kwa mikono yake. Nishani ya Nobel ya mwaka 1974 kwa ugunduzi huo alipewa msimamizi wake, yeye akaachwa. Baadaye aliolewa, akapata mtoto wa kiume, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya nusu siku, akihama kila mume wake alipohamishwa. Wangapi kati yetu tunaijua hali hiyo! Mwaka 2018 alipewa tuzo ya dola milioni 3, akazitoa zote ziwasomeshe fizikia vijana ambao kwa kawaida hawapati nafasi.

Shahada ya kwanza ya fizikia ni ufunguo unaofungua milango yote miwili, wa astronomia na wa astrofizikia. Na jambo ambalo wazazi wengi hatulijui ni kwamba misaada ya masomo ya nyota hupatikana zaidi katika shahada ya pili na ya tatu kuliko ya kwanza. Afrika Kusini, tangu mwaka 2003, uko mpango wa masomo ya astrofizikia na sayansi ya anga ulio na makao yake Chuo Kikuu cha Cape Town, na vijana wa nchi nyingine za Afrika wamepita humo. Kule ndiko iliko MeerKAT, mtambo wa sahani 64 za kupokea mawimbi ya redio kutoka angani, uliozinduliwa mwaka 2018 katika nyika ya Karoo, na sasa unajengwa mwingine mkubwa zaidi kwa ushirikiano wa nchi nyingi. Karibu zaidi na sisi, katika chuo kikuu cha Mbarara, Uganda, wapo wanafizikia wanaofanya utafiti wa nyota na kufundisha wengine. Nauli ya basi kwenda Mbarara haiuzi kiwanja cha mtu.

Atakula nini?

Swali hili ni la haki, na baba alipoliuliza hatukuona sababu ya kumzunguka. Nafasi za kuajiriwa kama mtaalamu wa nyota ni chache kila nchi, na kwetu ni chache zaidi. Mzazi anayeambiwa vinginevyo anadanganywa. Lakini yule aliyesoma hesabu, fizikia na kuandika programu za kompyuta hakai nyumbani kwa sababu nyota hazina ajira. Wanahitajika katika utabiri wa hali ya hewa, simu, benki, bima na takwimu, na shule zetu bado zinalia kwa kukosa walimu wa fizikia. Kenya imekuwa na wakala wake wa anga tangu mwaka 2017, na mwezi wa Aprili 2023 ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, kwa roketi ya Kimarekani.

Tulimweleza baba pia habari ya Malindi, ambayo wengi wetu wa pwani hii hatuijui. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kupima mionzi ya eksirei inayotoka angani. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Kwa vipimo vyake wataalamu walitengeneza orodha ya vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na ilisaidia sana kutambua kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Katika vitabu vya astrofizikia vya dunia nzima neno hilo la Kiswahili limo hadi leo. Msimamizi wa mradi ule kwa upande wa Marekani alikuwa Marjorie Townsend, mama wa watoto wanne wa kiume. Yeye hakusomea astronomia wala astrofizikia. Alikuwa mhandisi wa umeme.

Hapo baba alisogeza kiti karibu.

Tuliwaomba wazazi wafanye jambo moja zaidi kabla ya kuamua: waulize Tume ya Vyuo Vikuu kama vyuo vile vya ng'ambo vinatambuliwa, na waulize Bodi ya Mikopo mapema, si wiki ya mwisho. Tumeona familia zilizolipa ada ya mwaka mzima nje ya nchi kisha zikaanza kuuliza habari za kutambuliwa. Ni machungu yasiyo ya lazima.

Hatukumwamulia mtu. Binti alilia usiku ule, mama yake alituambia, akasema wenzake wote watakwenda ng'ambo na yeye atabaki. Siku ya tatu alijaza fomu: fizikia ya hapa nchini kuwa chaguo la kwanza, na uhandisi wa mawasiliano la pili. Udaktari hakuuandika popote, na shangazi mmoja bado amenuna. Kwa chuo kile chenye masomo mazito aliandika barua kuuliza kama wangempokea kwa shahada ya pili akiwa na fizikia. Jibu halijaja. Kiwanja hakijauzwa, mwaka huu kimepandwa mihogo.

Tulipokuwa tunaaga, baba akatuzuia mlangoni. Alitaka kuiona ile habari ya chumvi. Mama akawasha jiko la gesi, binti akadondosha punje kwa vidole viwili, na moto ukawaka manjano.

"Fanya tena," baba akasema.